Shangazi, mume anataka kisu, mkwe kaja na chupa ya dawa, nimsikilize nani?

"Shikamoo Shangazi. Nina miaka 27, naishi Mbagala, nauza duka la vitenge Kariakoo mwaka wa nne sasa. Nina mimba ya wiki 31, ni ya pili. Wa kwanza ana miaka mitatu na nusu, nilikaa leba usiku kucha, asubuhi nikaambiwa mtoto amechoka nikapelekwa oparesheni, sikuelezwa zaidi ya hapo. Safari hii mume kanipeleka hospitali ya praiveti, daktari kasema ukishapasuliwa mara moja ni kupasuliwa tu, katupa tarehe nikitimiza wiki 37 na mume ameshalipa advansi. Mama mkwe nae kaja kutoka Korogwe, anasema kuzaa ni kusukuma, kaniletea dawa kwenye chupa ya soda ninywe uchungu ukianza, na ana mkunga wake wa mtaani. Mimi natamani kujaribu kuzaa kawaida ila nikiwa hospitali, tunataka watoto wanne. Kingine, wa kwanza maziwa yangu hayakumtosha, miezi miwili akaanza maji na uji, akaharisha mpaka akalazwa. Mkwe anasema kwa joto la Dar mtoto lazima anywe maji. Nikiongea naambiwa mimi mtoto wa juzi. Nimsikilize nani? Na ni kweli mjamzito hali mayai? Mama Junior."

Marahaba mwanangu, pole na hongera kwa pamoja. Barua yako imenikera, sio wewe, ni hao wanaokuzunguka, maana kovu liko tumboni kwako, uchungu utausikia wewe, titi ni lako, halafu watu wazima wamekaa sebuleni wanagawana maamuzi kama shamba la urithi na mwenye shamba kaambiwa akae kimya. Najua wanakupenda. Ila kukupenda sio ruhusa ya kutokukuuliza.

Tuanze na hiyo chupa ya soda kwa sababu ndio inayonitisha. Usinywe. Hapo sina mjadala, na nawaheshimu sana bibi zetu. Dawa za kuongeza uchungu zinaufanya mji wa mimba ujikaze kwa nguvu na kwa kufuatana bila kupumzika, mtoto anakosa hewa huko ndani, na wewe mwenye kovu unaweza ukachanika hapohapo kovu lilipo, ikitokea hivo mnaweza kwenda wote wawili na dakika zinahesabika. Hata hospitali vile vidonge vya kuanzishia uchungu havitakiwi kwa mwenye kovu la oparesheni, sasa vile vinapimwa kipimo, hiyo ya kwenye chupa nani kaipima? Na habari ya kuzalia kwa mkunga wa mtaani nayo iishie hapo, mwenye kovu anazalia mahali penye chumba cha upasuaji na damu ya kuongezewa, hata zahanati haitoshi, hata kama nesi wake ni mzuri na yuko karibu na nyumbani.

Sasa la daktari. Ile kauli ya ukipasuliwa mara moja ni kisu milele ilikuwa ya zamani, siku hizi haiko hivo kwa kila mtu. Wanawake wenye kovu moja wanaojaribu kuzaa kawaida sehemu yenye usimamizi mzuri, kati ya 60 na 80 katika kila 100 wanafanikiwa. Hatari ya kovu kuachia ipo, sikufichi, ni kama mmoja kati ya 200, ndogo lakini ikitokea ni kubwa, ndio maana nang'ang'ania chumba cha upasuaji kiwe jirani. Upande wa pili oparesheni ya kupanga ina faida yake, unajua siku, kovu halipitii uchungu, baba Junior anaomba ruhusa kazini mapema. Ila ni kidonda tena, damu zaidi, unachelewa kusimama, na wewe umesema watoto wanne, hapo nataka usikie vizuri: kila ukipasuliwa, mimba inayofuata kondo la nyuma lina nafasi kubwa zaidi ya kujishikiza kwenye kovu na kukwama, na hilo linaletea mama damu nyingi hatari. Mtu anayetaka wawili tu na mtu anayetaka wanne sio lazima wachague kitu kimoja. Sijui kama kuna aliyekuuliza unataka watoto wangapi kabla hajakuandikia tarehe.

Kwa hiyo mimi siwezi kukuamulia kwenye simu kwamba zaa hivi au vile, na yeyote anayekuamulia bila kuona karatasi zako nae anabahatisha. Kinachotakiwa kwanza ni faili la ile oparesheni ya Junior. Rudi pale ulipojifungulia, nenda na kadi yako ya kliniki ya zamani kama unayo, omba maelezo ya upasuaji au ile karatasi ya ruhusa, watakuzungusha kidogo we kaa kwenye benchi usiondoke. Kuna mambo mawili unayatafuta humo. La kwanza ni kwanini ulipasuliwa. "Mtoto amechoka" maana yake mara nyingi mapigo ya moyo yalibadilika wakati wa uchungu, hiyo ilikuwa ni ya Junior na siku ile, haimaanishi na huyu atachoka. Ingekuwa alitanguliza matako ingekuwa hivohivo, ni bahati ya mimba ile. Ikiwa imeandikwa njia ilikuwa ndogo au haikufunguka, nafasi yako inapungua kiasi lakini nayo sio hukumu, maana wakati mwingine ni mtoto tu alikaa vibaya. La pili ni jinsi mji wa mimba ulivyokatwa, chini kwa kulala au kwa kusimama. Usiangalie kovu la nje, la nje linaweza kuwa limelala vizuri kabisa na la ndani likawa limesimama, na likiwa la kusimama basi mwanangu habari ya kujaribu inafungwa, ni oparesheni na shukuru umejua mapema.

Ukishaipata hiyo karatasi, nenda nayo kliniki hospitali kubwa inayopasua usiku na mchana, sio mchana tu. Waulize wazi: mimi nafaa kujaribu? Wataangalia mtoto mmoja au mapacha, kichwa kiko chini, presha, na ultrasaundi kuona kondo halijakaa kwenye kovu. Miaka mitatu na nusu toka Junior ni nafasi nzuri, kovu limepumzika. Waulize pia usiku nikiumwa daktari wa kupasua yupo palepale au anaitwa kutoka kwake? Damu ipo? Mapigo ya mtoto mnayasikiliza kila baada ya muda gani? Mtu wa kukaa na mimi leba anaruhusiwa? Shirika la Afya Duniani linashauri mama awe na mtu anayemchagua mwenyewe wakati wa uchungu, ila wodi zetu nyingi zimebanana mapazia hamna wanakataa, kwa hiyo uliza sasa hivi usije ukagombana na mlinzi saa nane usiku. Wahudumu wakikujibu kwa hasira andika jina la hospitali hiyo kichwani na jaribu nyingine.

Na hata ukiamua oparesheni, maana unaweza ukasoma yote haya ukasema Shangazi mimi nataka tarehe nilale, na hiyo ni haki yako hutakuwa mama pungufu, bado hiyo wiki 37 iulizie. Oparesheni ya kupanga isiyo na dharura kwa kawaida inasubiri wiki 39, kwa sababu mapafu ya mtoto yanamalizikia huko mwishoni, akitolewa mapema bila sababu anaweza akapata shida ya kupumua. Kama daktari ana sababu ya kuwahi, presha au kitu kingine, aitaje. Kama sababu ni ratiba yake, sogeza. Advansi waulizeni kama inarudi au inaweza kutumika kwa kujifungua kawaida hapohapo, na kama hairudi basi ni hela imepotea, inauma lakini sio sababu ya kupasuliwa tumbo.

Baba Junior usimpige vita. Mimi naona huyu baba ana hofu, aliona mkewe anakimbizwa kwenye kitanda cha magurudumu hakuelezwa kitu, akajiambia safari hii natafuta hela nilipe mapema. Nenda nae hiyo kliniki asikie mwenyewe, aulize maswali yake, wanaume wengi wakisikia namba na mpango wanatulia. Mpango uwe nao kweli: begi limefungwa, hela ya akiba, dereva wa bajaji au teksi unayemjua, na namba 115 ya m-mama kwenye simu zenu wote, ni bure kupiga na inaleta usafiri wa dharura kwa mjamzito. Uchungu ukianza wahi, wewe sio wa kusubiri nyumbani. Na hata kabla ya uchungu, damu ikitoka, maji yakitoka, kichwa kikigonga na macho yanaona ukungu, uso kuvimba, au mtoto kaacha kucheza kama alivyozoea, huhitaji ruhusa ya mtu, ondoka.

Haya, maziwa. Hapa ndio nataka tukae kidogo maana nadhani umebeba lawama isiyo yako. Hayakutosha, nani alipima? Mara nyingi inakuwa hivi: mtoto analia jioni, mtu anasema ana njaa, anapewa vijiko vya maji, tumbo linajaa, titi analigusa tu analiacha, na titi lenyewe linatengeneza kadri linavyonyonywa, likinyonywa kidogo linapunguza, wiki mbili baadae kweli maziwa yamepungua na kila mtu anasema si nilisema. Hapohapo maji na kikombe vinaingiza uchafu, tumbo la miezi miwili haliwezi, anaharisha. Sisemi ndivyo ilivyokuwa kwa Junior lakini inafanana sana.

Safari hii mtoto awekwe kifuani kwako ngozi kwa ngozi na anyonye ndani ya saa ya kwanza, hata ukipasuliwa kwa sindano ya mgongo inawezekana, waambie mapema. Yale ya njano ya mwanzo, dang'a, mkwe anaweza akakwambia kamua mwaga ni machafu, usimwage hata tone, ndio kinga yake ya kwanza, na yanakuwa kidogo kwa sababu tumbo lake nae ni dogo. Mnyonyeshe anapotaka, mara 8 mpaka 12 kwa usiku na mchana ni kawaida kabisa. Mdomo ufunguke ashike na sehemu nyeusi sio chuchu tupu, ukisikia maumivu ya kukata mtoe umshikishe upya, na ikishindikana mwite nesi akuangalie ukinyonyesha, usione aibu. Kujua yanatosha usihesabu vilio, hesabu mikojo, kuanzia siku ya tano akikojoa mara sita au zaidi kwa siku na ikifika wiki mbili hivi kilo za kuzaliwa zimerudi, anashiba. Asipokojoa, analala tu hanyonyi, kilo hazipandi, hapo kliniki haraka, na ikibidi aongezewe kitu aseme mtaalamu sio jirani.

Na joto la Dar? Maziwa ya mama zaidi ya asilimia 85 ni maji. Akiwa na kiu mpe titi. Miezi sita hamna maji, hamna uji, hamna dawa ya chango ya dukani, isipokuwa dawa aliyoandikiwa na daktari, baada ya hapo chakula kinaanza na titi linaendelea mpaka miaka miwili na zaidi.

Mama mkwe mpe kazi, mwanangu. Mkwe asiyekuwa na kazi ndio anaanza kukoroga dawa. Mwambie mama nakuomba uji wa pilipili manga, nakuomba mtori, nifulie, nikalie na Junior, nisaidie usiku kumbeba huyu mdogo. Akitaka kukukanda maji ya moto na umepasuliwa, kataa kwa upole, kidonda cha oparesheni hakikandwi. Na kliniki moja nenda nae yeye, kaa pembeni, mwachie nesi aongee, vitu ambavyo kwako ni ubishi wa mtoto wa juzi vikitoka kwa mwenye sare atavibeba mpaka Korogwe aende kuwafundisha wenzie.

Kazini usiende kichwa chini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa siku 84 za uzazi na malipo, 100 wakiwa mapacha, na ukirudi unaruhusiwa mpaka masaa mawili kwa siku ya kunyonyesha. Baba nae ana siku zake tatu, kachache lakini azichukue. Bosi wako Kariakoo atajifanya hajui, mwambie sasa hivi kwa maandishi hata meseji. Jifunze kukamua wiki chache kabla ya kurudi, chombo kisafi chenye mfuniko, kwa joto letu nje ya friji usizidishe masaa manne, na anyweshwe kwa kikombe, chupa za chuchu kuzisafisha ni kazi na zinawachanganya wengine.

Mayai kula. Yaive vizuri tu, kiini kisiwe cha kutiririka. Hiyo ya kuwa mtoto atazaliwa hana nywele nimeisikia toka niko msichana, na nyumba ninazozijua mimi walioikazania walikuwa wanaume na mayai walikuwa wanakula wao.