Kimea Kile Kile, Maji Mengine

SWALI: Ndugu Mhariri, natengeneza bia ya shayiri kwa matumizi ya nyumbani. Nilipokuwa Moshi ilitoka laini na yenye rangi ya dhahabu. Tangu nihamie Usa River, kwa kimea kile kile na hamira ile ile, inakuwa na rangi nzito na kuacha ukakasi ulimini, ingawa maji ya kisima nayachemsha kwanza. Nakosea wapi?
Msomaji, Usa River

JIBU: Ndugu msomaji, upishi wako hauna kosa, kilichobadilika ni maji. Maji mengi yanayopita kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru hubeba magadi, yaani bikaboneti ya sodiamu. Pika chai ya rangi kwa maji hayo uone inavyokuwa nyeusi, kisha kamulia limau uone inavyong'aa ghafla. Ndivyo ilivyo pia kwenye sufuria ya kimea: vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari, katika joto la nyuzi 65 hivi, hufanya kazi vizuri pH, yaani kipimo cha uchachu (kadiri kinavyopanda, uchachu hupungua), ikiwa kati ya 5.2 na 5.6, na magadi yakiipandisha, maganda ya shayiri huachia tanini, ambayo ndiyo ukakasi unaouonja.

Kuchemsha kungesaidia kama maji yako yangekuwa ya chokaa, kwa kuwa bikaboneti ya kalsiamu huganda ikawa ule ukoko mweupe wa kwenye birika. Ya sodiamu haigandi. Floraidi, madini mengine yaliyomo katika maji ya huko, nayo haiondoki kwa moto, bali hukolea kadiri mvuke unavyotoka, na hili nakusihi ulitilie maanani sana, kwani ndiyo inayotia meno ya watoto wa maeneo yenu rangi ya kahawia.

Wapo watakaokushauri utengeneze bia nyeusi, kama ya Dublin, mji mkuu wa Ireland, ambako uchachu wa kimea kilichokaangwa huyamudu maji yenye bikaboneti nyingi. Ushauri huo utaponya ladha, lakini floraidi itabaki. Mimi ningekinga maji ya mvua na kuyatumia peke yake. Hayo ni laini kama yale ya Plzeň, mji wa Ucheki ambako bia ya dhahabu ilianza kupikwa mwaka 1842. Kwa kuwa hayana kalsiamu, ambayo husaidia vimeng'enya kufanya kazi na hamira kutuama, yaongezee jasi safi ya kiwango cha chakula, takribani gramu 4 kwa lita 20, kisha pima pH ya uji wa kimea kwa karatasi maalumu kabla ya kuendelea.