Muulize Mwalimu: Elimu ni bure, mbona naitishwa pesa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi niko huku Kizingitini, nina watoto wawili shule ya serikali, mkubwa yuko gredi ya nane na mdogo gredi ya tatu. Kila tamu twaambiwa elimu ni bure halafu mtoto akirudi ana kikaratasi, mara pesa ya mtihani mara ya mwalimu wa bodi. Babake ni mvuvi na kusi hii bahari imechafuka, pesa hakuna. Dadangu Malindi wanawe wako praiveti na Kizungu wanatema. Kwani pesa za serikali zaenda wapi, na huyu mdogo nimhamishe? Mama Kizingitini.

JIBU: Marahaba mamangu. Pesa zatoka, ila ni chache na zachelewa. Katiba ya 2010 kifungu cha 53 imempa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima, sawa, lakini Rais Kibaki alipofungua shule za msingi Januari 2003 serikali ilianza na shilingi 1,020 kwa mtoto, na hizo ni za mwaka mzima. JSS, yaani sekondari ya chini alipo mkubwa wako, wanahesabiwa 15,042, sekondari ya kutwa 22,244 tangu 2018, na mwaka 2025 waziri wa fedha John Mbadi akaambia wabunge wazi kwamba hizo 22,244 serikali haiziwezi, ilikuwa yatoa kama 16,900. Hata hizo hazitoki mara moja, zinagawanywa kwa tamu, na tamu yaweza kuanza mwalimu mkuu hana hata ya chaki.

Na linaloniuma mimi hasa ni hili, pesa zahesabiwa kwa kichwa. Tuseme JSS ya mjini ina watoto 400, kwa karatasi hiyo ni zaidi ya milioni 6 kwa mwaka. Yenu ya kisiwani tuseme ina 60, haifiki hata milioni moja, na mlinzi ni yule yule mmoja, paa lavuja vile vile, na mkuu akiitwa ofisi ya elimu Amu, mjini Lamu, ni nauli ya boti wakati mwenzake wa Malindi apanda tuktuk. Halafu walimu wa TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu, wakipangiwa visiwani wengi hawakai, waomba transfa, basi bodi ya shule yaajiri kijana wa hapo hapo na mshahara wake ndio hicho kikaratasi chako. Sitaki umchukie mwalimu mkuu kwa hilo. Serikali ingeiwekea kila shule ndogo kiwango cha chini, iwe na watoto 60 au 160, ndipo ihesabu vichwa, na wabunge wetu wa Pwani sielewi kwa nini hawalipiganii hili kila bajeti.

Ila haki yako uijue. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 yasema shule ya umma isitoze karo ya masomo, michango mingine lazima iidhinishwe na utolewe risiti, na mtoto asifukuzwe kwa kukosa kulipa. Akirudishwa nyumbani nenda kwa afisa wa elimu. Na angalia kama wanao wote wameingizwa kwenye mfumo wa wizara, maana mtoto asiyesajiliwa pesa yake haiji, na huko kwetu wengi hukwama kwa cheti cha kuzaliwa.

Kumhamisha mdogo, mimi nasema hapana, si kwa mfuko wa mvuvi. Kizungu cha wanawe dadako kisikutishe. Mtoto wa gredi ya tatu mpe hadithi ya Kiswahili aisome mbele yako, akisoma na kukueleza, shule yafanya kazi. Akishindwa, mfuate mwalimu wake wiki hiyo hiyo, usingoje mwisho wa tamu.

SWALI: Mwalimu, mimi nalipa ushuru kama wengine na mwanangu yuko praiveti ya bei nafuu hapa Maweni, Malindi. Mbona serikali haimlipii? Baba Wawili.

JIBU: Kapitesheni, hizo pesa za kila kichwa, ni ya shule za umma peke yake ndugu yangu, praiveti hulipa walimu kwa karo yenu. Najua umempeleka huko kwa sababu darasa la umma limejaa, na malalamiko yako ni ya haki, lakini kusema kweli siungi mkono. Pesa zenyewe hazitoshi za Kizingitini, tukianza kuzigawa na kwa wenye shule zao wale wa visiwani watabaki na nini? Wewe hakikisha shule imesajiliwa na walimu wana namba ya TSC, uliza pia wangapi wameondoka mwaka huu, maana mshahara ukichelewa huko nako walimu huondoka katikati ya tamu.