Upande wa pili usiuahidi

Wewe unayeanza kazi nasi Jumatatu kwenye chumba cha upasuaji, siku moja utakuta kwenye orodha mgonjwa aliyeandikiwa "ureta zote mbili", yaani mirija inayoshusha mkojo kutoka figo hadi kibofu. Ana mawe kulia na kushoto, na daktari amepanga kuyafuata yote kwa kamera, kwa usingizi mmoja. Kwa mgonjwa aliyechaguliwa vizuri, ni salama. Tena ni nafuu: mama anayeuza mitumba Gikomba akifunga kibanda mara mbili, mtaji nao unaliwa mara mbili. Ila usimwahidi upande wa pili. Mwambie, "Mama, tutaanza na mmoja. Ukienda vizuri, tutaendelea." Na fomu ya ridhaa iseme hivyohivyo.

Nilipokuwa mgeni kama wewe, asubuhi moja waya ulipenya pembeni ya jiwe la kulia, na mkojo uliokuwa umezibwa juu yake ukashuka kwenye skrini, mzito, mweupe kama uji wa mchele. Na kipimo cha mkojo cha mgonjwa huyo kilikuwa safi! Ndiyo, maana mkojo wa kibofu hausemi yote yaliyo juu ya jiwe. Mimi nilikuwa nimeshafungua vifaa vya kushoto ili tuokoe muda. Daktari hakuligusa jiwe. Alichukua sampuli ya usaha, akaweka stenti kulia, yaani kimrija laini kinachokaa ndani ya ureta ili mkojo upite, akaweka na kushoto kwa kuwa figo hiyo nayo ilikuwa imeziba, akavua glavu. Nilisikitikia vifaa vyangu. Baadaye ndipo nikaelewa: kuvunja jiwe kwa leza pale, huku maji yakisukumwa ndani, kungepeleka bakteria kwenye damu. Mawe yalingoja hadi antibiotiki zifanye kazi.

Basi vifaa vya upande wa pili vifunguliwe ukiambiwa, si kabla. Ureta ya kwanza ikichanika, ikiwa nyembamba mno, au jiwe likala muda mrefu kuliko ilivyopangwa, daktari mwenye busara ataishia hapo. Mtajie saa kwa sauti, hata akikunja uso. Na ukipewa bomba la sindano usukume salaini ili aone vizuri, sukuma polepole. Shinikizo unalolitia kwa kidole gumba linafika kwenye figo.

Wodini kuna jambo moja ambalo wageni hulipuuza. Ureta iliyopitishwa kamera huvimba. Ukivimba upande mmoja, figo ya pili inabeba mzigo; zikivimba zote, mkojo unakatika kabisa. Ndiyo maana huku kwetu hatupendi kumtoa mgonjwa wa pande mbili bila stenti, na mfuko wa mkojo tunausoma kila saa. Ukiukuta mtupu, usiseme "hajanywa maji ya kutosha". Angalia kama mpira wa mkojo umejikunja au umeziba, kisha mpigie daktari, hata kama ni saa nane usiku.

Sasa stenti zenyewe. Lugha yetu hapa inatuponza: stenti moja ni stenti, mbili ni stenti. Mzee mmoja aliondoka na karatasi iliyosema "arudi kutolewa stenti". Akaenda kliniki iliyo karibu na kwake, akatolewa moja, akashukuru, akaenda zake. Ya pili ilikaa miezi mingi hadi ikaota magamba ya mawe, na kuitoa kukahitaji upasuaji mwingine. Karatasi ile niliiandika mimi.

Siku hizi naandika "Stenti 2: kulia 1, kushoto 1", pamoja na tarehe ya kutolewa, na mgonjwa anaitamka hesabu hiyo mwenyewe, mbele ya aliyekuja kumchukua. Kisha jina linaingia kwenye daftari la stenti, na halikatwi mpaka zote mbili zitoke. Daftari liko droo ya pili, chini ya glavu saizi 7. Kalamu uje na yako.