Wanachama hawawezi kuingia baada ya kuhama Drupal 7

Pole sana, ndugu. Nimekuelewa: mmehamisha tovuti ya chama chenu kutoka Drupal 7 kwenda WordPress (zote ni programu za kuendeshea tovuti), majina ya wanachama yote yapo, ila kila anayeandika nywila yake sahihi anaambiwa amekosea. Mimi nilikesha siku mbili kwa tatizo hilihili.

Nywila hazihifadhiwi kama zilivyoandikwa. Zinasagwa (hashing) kuwa herufi zisizosomeka, na kila programu ina kinu chake. Kwenye databesi ya WordPress, fungua jedwali la wp_users, tazama safu ya user_pass. Ukiona zinaanza na $S$, huo ni usagaji wa Drupal 7, na WordPress yenyewe haiutambui. Za kwake, tangu toleo la 6.8 la mwaka 2025, huanza na $wp$2y$. Unga haurudi kuwa mahindi, kwa hiyo usihangaike kuzifumbua. Ama mweke programu-jalizi inayotambua usagaji wa zamani, ama kila mtu aombe nywila mpya.

Mkichagua hilo la pili, jitumie kwanza wewe mwenyewe barua pepe ya kubadili nywila. Seva mpya isiyo na SPF na DKIM (mipangilio inayothibitisha kuwa barua imetoka kwenu kweli), barua zake mara nyingi huishia kwenye taka, na wazee wetu hukata tamaa mapema.

Wakikwama wachache tu, ukurasa ukijirudia bila kuonyesha kosa, wafute kuki za tovuti (kumbukumbu ndogo zinazotunzwa na kivinjari).

Tafadhali, chukua nakala ya databesi kabla ya kugusa chochote. Usigawe nywila moja ya muda kwenye WhatsApp. Yeyote ataingia kwa jina la mwenzake. Kama tovuti inashika michango ya fedha, mtafute fundi mzoefu mumlipe.