Nosferatu: maswali yenu kuhusu mnyonya damu wa 1922

Tangu filamu mpya ya Robert Eggers itoke mwishoni mwa 2024, wasomaji wengi mmerudi kuitafuta ile ya kwanza kabisa, iliyoongozwa na Mjerumani F. W. Murnau na kuonyeshwa Berlin Machi 1922. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kueleza, maana kwangu hakuna filamu ya kutisha iliyoipita. Haya hapa majibu.

*Kaka, nimeipata kwenye simu. Wanasema jua linamuua huyu mnyonya damu Orlok, mbona anakatiza mjini mchana kweupe na jeneza lake mkononi? Huo si uzembe?*

Si uzembe, ndugu yangu. Ulichotazama ni kopi iliyopoteza rangi. Kanda za filamu za miaka ile zilihitaji mwanga mwingi mno, kwa hiyo usiku wa nje ulipigwa mchana, kisha kopi zikachovywa rangi. Buluu ni usiku. Njano ni mchana, au taa imewashwa ndani. Waridi ni alfajiri. Mtazamaji wa 1922 alipomwona Orlok na jeneza lake kwenye buluu, alijua mji umelala. Baadaye kopi nyingi zilinakiliwa kwa nyeusi na nyeupe tupu, na usiku wote ukageuka adhuhuri.

Hilo linaivunja hadithi yenyewe, maana jua ndilo silaha pekee iliyopo. Tena wazo hilo lilizaliwa humu humu. Katika riwaya ya Bram Stoker ya 1897, ambamo filamu hii ilichukuliwa, mnyonya damu Dracula hutembea London mchana bila kuungua, na mwisho wake ni kwa visu. Murnau na mwandishi wake Henrik Galeen ndio waliomfanya afe kwa mwanga: Ellen, mwanamke anayewindwa na Orlok, anamshikilia chumbani mpaka jogoo anawika, na Orlok anayeyuka kuwa moshi. Wanyonya damu wote mnaowaona leo wakikimbia jua wamerithi kutoka hapo. Kwa hiyo nakusihi, itafute kopi iliyokarabatiwa yenye rangi, ya dakika kama 94. Ile uliyonayo iache.

*Haina sauti. Simu yangu ndiyo mbovu?*

Simu ni nzima. Ni filamu bubu. Maneno unayasoma kwenye maandishi. Ukumbini ilipigiwa muziki wa Hans Erdmann na okestra. Kopi za mtandaoni hubandikwa muziki wowote, na mwingine unaiharibu kabisa. Ukiukuta wa hovyo, zima sauti utazame kimya.

*Ni kweli mahakama iliamuru ichomwe moto?*

Iliamuru kopi zote ziteketezwe, ndiyo. Kampuni ya Prana-Film, ya Enrico Dieckmann na msanii Albin Grau, haikununua haki za riwaya. Walibadilisha majina tu: Dracula akawa Orlok, London ikawa mji wa kubuni wa Ujerumani uitwao Wisborg. Halafu kwenye maandishi ya mwanzo wakakiri wenyewe kwamba hadithi imetoka kwa Stoker! Mjane wake, Florence, aliyetegemea mapato ya kitabu hicho, akawashtaki akisaidiwa na chama cha waandishi cha Uingereza. Prana-Film ilikuwa tayari imefilisika. Hii ndiyo filamu pekee iliyowahi kuitoa. Pesa hakuna, basi mjane akataka filamu yenyewe iangamizwe, na mwaka 1925 mahakama ya Ujerumani ikamkubalia.

Lakini kopi zilikwishavuka mipaka. Moja ya zilizobaki Ufaransa ilikuwa bado na rangi zake, na ndiyo iliyowasaidia sana wakarabati. Msimamo wangu ni huu: Florence Stoker alikuwa na haki, aliibiwa waziwazi. Na bado nashukuru kwamba kopi zile zilimponyoka.

*Nasikia mwigizaji alikuwa mnyonya damu wa kweli.*

Hapana. Max Schreck, aliyemcheza Orlok, alikuwa mwigizaji wa jukwaani aliyeheshimika, aliyepitia kundi la Max Reinhardt Berlin, na alicheza filamu nyingine nyingi hadi alipofariki 1936. Uvumi huo ulivuma zaidi baada ya filamu ya mwaka 2000 iliyoutumia kama hadithi. Kipara, masikio yaliyochongoka na meno mawili ya mbele kama ya panya ni kazi ya Grau.

*Walifanyaje yale mazingaombwe bila kompyuta? Na ile ngome ni ya kweli?*

Ngome ni ya kweli: Orava, Slovakia, na bado inatembelewa. Nyumba anayohamia Orlok ni maghala ya chumvi ya Lübeck, nayo yapo. Waongozaji wenzake Murnau wa Berlin walikuwa wakichora miji kwenye maturubai. Murnau akabeba kamera milimani na bandarini, na ndiyo maana hofu yake ina upepo na mawimbi ya kweli.

Mbinu zilikuwa nyepesi. Gari la farasi linakwenda mbio za ajabu kwa sababu mpiga picha, Fritz Arno Wagner, alizungusha mkono wa kamera polepole, kisha picha zikaonyeshwa kwa kasi ya kawaida. Miti myeupe kwenye anga jeusi ni negativi, yaani picha ambayo cheusi huonekana cheupe, iliyowekwa kama ilivyo. Kifuniko cha jeneza kinajifunga chenyewe kwa kusimamisha kamera, kukisogeza kidogo, kupiga tena. Ila kilichonishinda kusahau hakikuhitaji mbinu hata moja. Kivuli cha mkono wenye kucha ndefu kinapanda juu ya gauni jeupe la Ellen, kinafika kifuani, kinafumba ngumi. Ellen anajikunja kwa uchungu. Hakuna aliyemgusa.

*Shikamoo mwandishi. Huyu Orlok si ndiye mumiani wetu?*

Marahaba, mwanangu. Hapana. Mumiani wa masimulizi ya enzi za ukoloni alikuwa mtu hai, mwenye gari na mwajiri. Hata wazimamoto walishukiwa. Orlok ni maiti, anakuja na merikebu iliyojaa panya na tauni. Ila kuna mahali wanapokutana. Majeneza yanapopita barabarani kwa msururu, watu wa Wisborg wanataka wa kulaumiwa, wanamwangukia Knock, dalali wa nyumba aliyerukwa na akili. Wanamrushia mawe, wanamfukuza hadi mashambani, wanairarua sanamu ya kutishia ndege wakidhani ndiye. Uvumi wa mumiani nao uliwaponza watu wasio na hatia. Wajerumani wa 1922 walikuwa wametoka kwenye Vita Kuu ya Kwanza na homa kuu ya 1918, kwa hiyo hofu ile waliijua. Sehemu hiyo ya kumfukuza Knock, mwanangu, usiipeleke mbele.