Hizo 2 na L kwenye gari la auto: majibu kwa mdau wa Isamilo

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kwa nini ukishuka Isamilo kuja mjini unasikia harufu ya kuungua, na kama ni kweli kuweka N (gia huru) mteremkoni kunaokoa mafuta. Nimeendesha auto kwenye milima ya Mwanza miaka mingi, ngoja nikujibu.

Hiyo N iache kabisa. Ukiwa kwenye D (gia ya kwenda mbele) na umetoa mguu kwenye mafuta, injini ya EFI (inayopuliziwa mafuta kwa kompyuta) hujikatia mafuta yenyewe, kwa sababu matairi ndiyo yanayoizungusha. Ukiweka N, injini inarudi kunywa mafuta ili isizime, na gari linabaki limeshikwa na breki peke yake. Huokoi kitu.

Harufu yako nadhani ni breki. Ukishuka na D, gia boksi inapandisha gia, gari linachanganya, nawe unakanyaga breki toka juu mpaka chini. Pedi zinachemka. Moto ukizidi, hata mafuta ya breki yanachemka, pedali inazama, na hapo ndipo watu wanapoumia. Kwa hiyo kabla mteremko haujaanza, punguza mwendo, halafu vuta gia hadi 2, gari lisipande zaidi ya gia ya pili. Mteremko ukiwa mkali sana, L, yaani gia ya chini kabisa. Injini itanguruma na mshale wa RPM (mizunguko ya injini) utapanda. Usishtuke, mradi haujafika kwenye nyekundu. Breki unaigusa tu bodaboda akichomoza kwenye kona, na kwa hapa kwetu atachomoza. Ila usitupe L ukiwa kwenye spidi. Gari likiwa CVT (auto isiyo na gia za hatua), tafuta B au S, kazi ni ileile.

Kupanda ukiwa na abiria na magunia ya dagaa, utaona gia boksi inahangaika, inapanda gia, inashuka, inapanda tena. Kama gari lina kitufe cha O/D (overdrive, gia ya juu ya mwendo kasi), kizime. Taa ya O/D OFF itawaka kwenye dashibodi. Hiyo si hitilafu, watu wanaipelekea gari gereji bure. Ukishafika barabara tambarare ya kwenda Magu, washa O/D tena.

Matope ya vijijini: baadhi ya Toyota zina kitufe cha SNOW. Hatuna theluji, lakini kinafanya gari lianze na gia ya pili, tairi haliserereki ovyo.

Kupaki kilimani watu wengi wanakosea. Kanyaga breki, weka N, vuta handibreki, achia breki taratibu mpaka gari litulie kwenye handibreki, kanyaga tena, ndipo uweke P (ya kupaki). Ukianza na P, uzito wote unaning'inia kwenye kijino kidogo ndani ya gia boksi. Ule mlio wa "ko!" unapotoa P asubuhi ndio huo.

Ukishuka na 2 wiki nzima na harufu bado ipo, fundi apandishe gari kwenye jeki azungushe kila tairi kwa mkono. Litakalogoma, kuna breki imeganda hapo.