Simu ndani ya boti ya Tumbatu

Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Umeuliza iwapo ni salama kutumia simu unapovuka kutoka Mkokotoni, Unguja, kwenda kisiwa cha Tumbatu huku petroli ya mashine ikimiminwa. Izime kabla dumu halijafunguliwa, ingawa kwa maoni yangu sigara ya nahodha ni hatari kubwa zaidi kuliko simu yenyewe.

La kushughulikia hasa ni maji: ifunge simu katika mfuko usiopitisha maji, ichaji kabla ya safari, na umwambie mtu anayebaki pwani saa mnayotarajia kufika, kwa kuwa mtandao ukikatika baharini hutaweza kumpigia yeyote. Ukiwepo mtandao, hata wa kampuni nyingine, piga 112, nambari ya dharura ambayo haihitaji salio, na utaje kwanza mlipo.